Mwalimu, mtaa wetu utainuliwa na sheria gani?

Barua tatu za mwezi huu zimetoka upande mmoja wa jiji la Nairobi, Eastlands, na zote zinauliza habari za pesa. Ya kwanza nimeisoma mara nne na nitaijibu kwa urefu. Waliouliza kuhusu karo na mitihani wanivumilie hadi toleo lijalo.

Barua ya kwanza

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa vyuma Kariobangi Light Industries. Natengeneza majiko, wilbaro na mageti tangu 1999. Mdogo wangu anaishi Youngstown, jimbo la Ohio, Marekani. Huniambia mji wao ulikufa viwanda vya chuma vilipofungwa, lakini serikali yao ya shirikisho ina sheria za kupeleka pesa kwa miji kama hiyo ili isimame tena. Huku kwetu mvua ikinyesha maji huingia hadi kwenye mashine ya kuchomelea, stima hupotea mara tatu kwa wiki, na vijana niliowafundisha kazi wamekwenda kuendesha boda. Hizo sheria hufanya kazi vipi? Sisi tunaweza kupata kitu kama hicho, ama ni ndoto? — Fundi wa Kariobangi*

Marahaba, ndugu yangu. Si ndoto. Lakini kabla sijakupeleka Ohio, nikupitishe kwanza kwenye lango moja la Industrial Area, kwa maana hapo ndipo nilipoelewa unachouliza.

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Tulikaa Jericho. Alfajiri alivuka Jogoo Road, akakata reli kwa miguu, na jioni alirudi na nyuzi nyeupe za pamba zimeng'ang'ania sweta yake, nyingine kwenye nyusi. Nje ya lango la kiwanda kulikuwa na vibanda kumi na kimoja. Nilivijua kwa mpangilio wake, kwa sababu wakati wa likizo nilimpelekea baba chakula: mama wa uji, mama wa chai ya tangawizi na mandazi, wawili wa githeri, fundi wa viatu, kinyozi, muuza magazeti, mama wa ndizi, mzee wa kutengeneza redio, msichana wa mayai ya kuchemsha, na wa mwisho kabisa, mzee wa kunoa visu.

Mwaka 1994, milango ya biashara ilipokuwa imefunguliwa na nguo za kutoka nje zimejaa sokoni, kile kiwanda kilifungwa kama vingine vingi vya nguo nchini miaka ile. Langoni palibandikwa karatasi ya Kiingereza kwa gundi ya unga wa ngano, pakatiwa kufuli mpya. Baba alipoteza kazi kwa siku moja. Wa vibanda walipoteza yao polepole. Mama wa mandazi aliendelea kuja wiki tatu akiamini wanaume watarudi. Alipunguza kutoka beseni mbili hadi moja, kisha nusu, kisha hakuja. Kufikia Krismasi walibaki wawili. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, nikifundisha masomo ya biashara si mbali na pale, na muhula uliofuata niliita majina darasani nikasikia kimya baada ya majina saba. Hakuna aliyeandika popote kwamba mtaa umefungwa. Kilichoandikwa kuwa kimefungwa ni kiwanda.

Sasa Youngstown. Jumatatu ya tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake kikubwa cha Campbell, na kazi kama 5,000 zikaenda. Wenyeji huiita Jumatatu Nyeusi hadi leo. Mji uliokuwa na watu 170,000 mwaka 1930 ulihesabiwa 2020 ukakutwa na 60,000. Mdogo wako anaishi kwenye mji ambao theluthi mbili ya watu wake hawapo. Nakuambia hili mapema ili usidhani sheria za Marekani zina dawa ya kufufua maiti. Tanuri zile hazikuwashwa tena. Mwaka 2012 pesa za shirikisho zilisaidia kufungua pale kituo cha kitaifa cha utengenezaji wa kisasa, cha kuunda vipuri tabaka kwa tabaka kwa mashine ya kompyuta, na nimefurahi kujua kwamba mji wa chuma ulipewa kazi inayofanana na ujuzi wake. Lakini hakuna anayesema kituo hicho kilirudisha ajira 5,000.

Sheria ninayotaka uijue ni ya zamani kuliko Jumatatu hiyo. Tarehe 26 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya kazi za umma na maendeleo ya uchumi, ikaunda idara ndani ya wizara yao ya biashara ya kushughulikia maeneo yaliyoachwa nyuma. Ndani yake mna kitu kidogo ambacho kwangu ndicho roho ya sheria nzima: kipimo. Eneo huhesabika kuwa na dhiki ikiwa watu wasio na kazi ni wengi kuliko wastani wa nchi kwa angalau asilimia moja kamili, kwa miezi 24 iliyopita. Au ikiwa mapato ya mtu mmoja ni asilimia 80 ya wastani wa nchi, au chini ya hapo. Yaani kama Mmarekani wa wastani anapata shilingi 100, na nyinyi mnapata 80 au 75, mlango umefunguka. Mna njia ya tatu pia, ya mahitaji maalumu, kama mwajiri mkubwa anapofunga ghafla. Ndiyo ingemwangukia mama wa mandazi. Uzuri wa kipimo ni kwamba hata mtu aliye mbali na mkubwa yeyote anaweza kuchukua takwimu, akapiga hesabu mezani kwake, akasema: sisi tumo.

Ukishapita kipimo, eneo lenyewe hutakiwa kuandika mkakati wake wa uchumi: tuna nini, tumepoteza nini, tutajenga nini kwanza. Kisha pesa hutoka, na hapa usikilize vizuri. Haziingii mfukoni mwa fundi mmoja mmoja. Huenda kwenye mtaro wa maji, bomba, barabara ya kuingia eneo la viwanda, majengo ya karakana, mafunzo, na mifuko ya mikopo ambayo aliyekopa akirudisha, mwingine anakopa. Na serikali ya shirikisho hailipi yote. Kwa miaka mingi msingi ulikuwa kama nusu kwa nusu, walioumia zaidi wakiongezewa. Wenyeji lazima walete yao.

Ipo nyingine, ya 1974, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford, inayogawia miji na majimbo fungu la maendeleo ya jamii kila mwaka. Masharti yake mawili yanafaa kubandikwa ukutani kwenye kila ofisi ya wadi: angalau asilimia 70 ya pesa ifaidi watu wa kipato cha chini na cha kadiri, na wananchi wasikilizwe hadharani kabla mpango haujafungwa. Na mradi wa mtaa mzima, kama taa au mtaro, kwa kawaida hukubalika pale ambapo asilimia 51 ya wakazi ni wa kipato hicho. Wanashuka hadi kwenye mitaa michache, hawaishii kwenye jina la mji.

Hapo ndipo Kariobangi inapoumia, ndugu yangu. Nairobi huzalisha zaidi ya robo ya pato la taifa. Ukipima kaunti nzima, sisi ni matajiri. Upper Hill na Westlands zinajumlishwa na karakana yako, wastani unapanda, na maji kwenye mashine yako ya kuchomelea hayaonekani popote kwenye karatasi. Nimefundisha hesabu za wastani miaka thelathini na sijawahi kuona mahali zinapodhulumu watu kama hapa.

Kuna jambo moja la historia ambalo nikilikumbuka huwa nanyamaza kidogo. Mwaka ule ule wa 1965, serikali yetu ilitoa Waraka Nambari 10, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme tayari. Mwaka mmoja, nchi mbili. Wao wakaandika sheria ya kupeleka pesa palipoumia, sisi tukaandika sera ya kupeleka pesa palipokwisha kupona. Siwalaumu waandishi wake kwa wepesi. Nchi ilikuwa na miaka miwili tangu uhuru na hazina ilikuwa ndogo. Lakini Turkana, Mandera na Wajir waliusubiri mwaka 2010 ndipo Katiba iseme kinyume. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, kwa muda wa miaka 20. Muda huo unafika ukingoni 2030, isipokuwa Bunge liuongeze.

Na pesa za hazina hiyo zimetoka kwa kuchechemea. Wamarekani nao wanaujua ugonjwa huu. Bunge lao hupitisha mara mbili: sheria moja huruhusu kiasi, nyingine ndiyo hutoa pesa. Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini sheria kubwa ya chipu za kompyuta na sayansi, na ndani yake mlikuwa na mpango uitwao Recompete, wa maeneo ambayo watu wa miaka 25 hadi 54 walio kazini ni wachache kuliko wastani wa nchi. Sheria iliruhusu dola bilioni 1. Pesa zilipotoka, zilikuwa milioni 200. Hata ile sheria mama ya 1965 ilikaa tangu 2004 bila kuhuishwa upya, hadi Januari 2025. Kwa hiyo mdogo wako akikutumia habari kwamba sheria imepita, mwulize swali la pili: fungu limetoka?

Sasa swali lako la mwisho, kama nasi tunaweza. Neno «shirikisho» lisikutishe. Marekani ni muungano wa majimbo, na sheria ya shirikisho ni ile ya Washington inayofika majimbo yote 50. Sisi si shirikisho. Tulijaribu majimbo 1963 na mwishoni mwa 1964 yalikuwa yamezimwa. Tulicho nacho ni serikali ya kitaifa na kaunti 47, na Katiba inayosema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Mwaka wa fedha 2023/24 kaunti zote ziligawana Sh385.4 bilioni, na Nairobi ikapata kama Sh20 bilioni. Pesa za mtaro wa Kariobangi, zikija, zitatoka huko.

Zitakujaje? Kwa kalenda, ambayo wengi wetu hatuijui, na asiyeijua hufika ukumbini chakula kimeshapakuliwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha, ufike kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mwezi wa Mei mnapoitwa ukumbini kupewa soda, mambo makubwa yamekwisha amuliwa tangu Septemba.

Nilienda kikao kama hicho miaka kadhaa iliyopita, ukumbi mmoja huku Eastlands. Kitabu cha bajeti kilikuwa kinene kama Biblia, nakala mbili kwa watu zaidi ya mia, na kililetwa asubuhi ile ile. Niliomba moja, nikaketi chini ya dirisha nikatafuta jina la mtaa wetu ukurasa kwa ukurasa, kidole kikipita kwenye mistari. Nililipata mara mbili. Mara ya kwanza ni taa za barabarani. Mara ya pili ni taa zile zile, mwaka uliotangulia, hazijawekwa. Nilisimama nikasoma kurasa zote mbili kwa sauti, nikataja na namba zake. Kelele zote zilizopigwa kabla yangu hazikuwa zimeandikwa na karani. Namba za kurasa aliziandika. Nilimwona akiandika.

Ndiyo maana nakuomba ufanye hivi, wewe na wenzako. Nunueni daftari la mistari, mpite karakana hadi karakana. Andikeni kila banda: nani anafanya kazi gani, mikono mingapi, wanagenzi wangapi walikuwepo miaka mitano iliyopita na wangapi leo. Andikeni kila siku stima inapopotea, saa na dakika, na kazi gani ilisimama. Mvua ikinyesha, chukua fito, pima maji yamefika sentimita ngapi, piga picha fito ikiwa ndani ya maji. Miezi mitatu ya daftari hilo ni kipimo chenu, kama ile asilimia moja ya Wamarekani. Kaunti haitawatengenezea.

Kisha mjisajili kama chama cha mafundi chini ya Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012. Kama wafanyakazi wako hawafiki kumi na mauzo ya mwaka hayazidi Sh500,000, sheria hiyo inakutambua kwa jina lako hasa. Ulizieni Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo kifungu cha 137 cha sheria ya fedha kinaagiza liwepo, na nusu ya viti vyake nje ya kile cha gavana ni vya watu wasio wa serikali: wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee, watu wa dini. Ulizeni nani anakalia kiti cha wafanyabiashara, na kama amewahi kufika Kariobangi. Mkinyimwa jibu, andikeni barua ya kuomba habari chini ya sheria ya 2016 ya kupata habari; mnastahili kujibiwa ndani ya siku 21. Wekeni nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua hiyo haikuandikwa.

Nitumie kurasa za kwanza za daftari. Nitazisoma zote.

Barua ya pili

*Mwalimu, habari yako. Nauza mitumba ya watoto Gikomba, mwaka wa kumi na nane huu. Kila jioni napeleka mauzo benki, meneja ananijua kwa jina la mtoto wangu. Nilipoomba laki tatu ninunue marobota kabla ya shule kufunguliwa, akaniuliza hati ya shamba. Sina shamba. Pesa yangu wanaichukua, wanamkopesha nani? — Mama wa Gikomba*

Mama, swali lako la mwisho liliulizwa Chicago miaka ya 1970, karibu kwa maneno hayo hayo. Aliyeliuliza kwa sauti kubwa ni mama wa watoto sita, Gale Cincotta, wa mtaa wa Austin. Aliona benki zinapokea akiba za majirani zake na hazikopeshi mtu pale mtaani. Tangu miaka ya 1930 kulikuwa na ramani zilizochorwa na shirika la serikali, mitaa ya watu weusi na ya maskini imepakwa rangi nyekundu, maana yake hatari, usikopeshe. Mtaa uliopakwa nyekundu haukuweza kutengeneza paa, paa likaoza, na kuoza kwake kukatumiwa kuthibitisha kwamba ulistahili nyekundu.

Walivyoshinda, yeye na majirani zake, ndivyo ninavyotaka uone. Hawakuanza na sheria ya kulazimisha benki. Mwaka 1975 walipata kwanza sheria inayotaka benki zitangaze zinakopesha nyumba mitaa ipi. Namba zilipotoka hadharani, aibu ilifanya kazi yake. Tarehe 12 Oktoba 1977, wiki tatu tu baada ya Jumatatu ile ya Youngstown niliyomwandikia fundi hapo juu, Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuwekeza upya kwenye jamii, iliyopigiwa debe na seneta William Proxmire wa Wisconsin. Tangu hapo benki hukaguliwa kama inahudumia mahitaji ya mikopo ya eneo inakochukua amana, mitaa ya kipato cha chini ikiwemo, na hupewa alama kama mtoto wa shule. Alama mbaya huifuata benki inapotaka kununua benki nyingine au kufungua tawi.

Kenya hatuna sheria ya namna hiyo, na naitamani. Jiji hili nalo lilichorwa kwa rangi: Wazungu magharibi kwenye baridi na miti, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki kwenye udongo mweusi unaoshika viatu. Mstari ulifutwa kwenye sheria. Kwenye daftari za mikopo bado nauona, kila anapoulizwa mama wa Gikomba hati ya shamba.

Lakini kuna mlango mmoja wako wa leo. Tangu 2017 tuna sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana: bidhaa zako, cherehani, mkokoteni, hata pesa unazodai wateja. Dhamana hiyo huandikwa kwenye sajili ya serikali. Rudi kwa meneja, umwambie unataka mkopo wa dhamana ya mali inayohamishika kwa sheria ya 2017, na umwekee mezani daftari la ununuzi wa marobota la miaka mitatu na taarifa za akaunti yako. Akikataa, mwombe aandike sababu kwenye karatasi. Jaribu na Sacco kabla ya kwenda kwa wa mkopo wa simu. Hustler Fund, ule mfuko wa serikali wa mikopo midogo, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka na ni nafuu, ila kikomo chake cha mtu binafsi hakifiki unakotaka.

Na moto, mama. Nisipoutaja sitalala. Juni 2018 soko lenu lilichukua roho za watu 15 kwa usiku mmoja. Usiweke robota jipya juu ya mkopo bila bima ya moto, hata kama ni ya kikundi. Kopa kidogo zaidi ili ulipe hiyo kwanza.

Barua ya tatu

*Mwalimu, sisi vijana tuna karakana ya fanicha karibu na Lunga Lunga Road. Kuna mtu anapitisha karatasi tutie saini, eti eneo letu litangazwe la msamaha wa kodi ili wawekezaji waje. Tutie? — Kijana wa mbao*

Kijana wangu, subiri kidogo. Wamarekani walifanya hivyo kwenye sheria yao ya kodi ya Desemba 2017. Walitangaza maeneo 8,764, na mwenye faida ya mtaji, yaani faida ya kuuza mali kama hisa au jengo, akiiwekeza humo, kodi yake ilicheleweshwa na kupunguzwa. Sehemu kubwa ya pesa ilikimbilia majengo, tena kwenye maeneo machache yaliyokuwa yakipanda tayari. Mengi ya yale 8,764 hayakuona kitu. Haikuwekwa hesabu ya kutosha ya nani amepata kazi. Mwaka 2025 mpango huo ulifanywa wa kudumu, na kuhesabu kukakazwa kidogo.

Msamaha wa kodi humfaidi mwenye kodi ya kulipa na mwenye ardhi ya kuuza. Nyinyi mnakodi banda. Eneo likitangazwa leo, kitu cha kwanza kupanda ni bei ya ploti, cha pili ni kodi yenu ya banda, na cha tatu ni notisi. Kwa hiyo usitie saini kabla hujapata majibu ya maswali haya, yaandike: jina la mwenye ploti mnayofanyia kazi ni nani? Mkataba wenu wa upangaji umebaki miezi mingapi? Je, karatasi hiyo inasema popote kwamba waliopo watabaki, kwa kodi ile ile, kwa miaka mingapi? Na anayeipitisha ametumwa na nani?

Kama mkataba wenu ni wa mdomo, anzeni hapo. Mwendeeni mwenye ploti wiki hii, mkiwa wawili au watatu, na risiti zenu zote za kodi mkononi.